Kukaa na Kukubali: Vipuri vya Cheche na Majina Yake katika Gereji za Dar es Salaam

Mfasiri apewapo kitabu cha maelezo ya injini, mara nyingi neno la kwanza kumkwaza ni lile alilodhani analijua tangu utotoni. Kuwasha ni kitenzi cha kila nyumba: twawasha taa, twawasha jiko, twawasha injini. Lakini injini ya petroli huwashwa mara mbili. Mara ya kwanza huwashwa na dereva azungushapo ufunguo au apigapo kiki. Mara ya pili huwashwa ndani yake yenyewe, pale cheche inaporuka katika ncha ya plagi na kuunguza mchanganyiko wa hewa na petroli. Na tendo hili la pili hurudiwa bila kukoma maadamu injini inakwenda. Injini ya dizeli haina tendo hilo la pili, kwa sababu mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Basi mfasiri aandikapo "mfumo wa kuwasha", msomaji aliyezoea dizeli ataelewa stata na betri, na msomaji aliyezoea petroli ataelewa koili na plagi. Wote wawili watakuwa wamesoma Kiswahili sanifu.

Katika gereji za Mwananyamala, Manzese, Tandika na Mbagala utata huu haupo. Huko husemwa kwamba gari halina stata, au kwamba gari halina moto, na kila mtu aliyesimama hapo hujua mara moja ni upande gani wa injini utakaofunguliwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi lugha hiyo ya gereji ilivyojengeka kuhusu vipuri vya cheche, hasa kutokana na desturi ya kutoa kipuri katika injini moja na kukitia katika nyingine. Tutazitaja Kinondoni na Temeke kwa mipaka yake ya zamani, kabla Ubungo na Kigamboni hazijawa wilaya za peke yake. Maoni yetu ni kwamba uhaba wa vipuri uliwalazimisha mafundi wa pembezoni mwa jiji kupambanua maana mbili ambazo lugha ya vitabu na ya ofisi hadi leo huzichanganya, na kwamba kuzichanganya huko kuna gharama.

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba chombo chenyewe si cha zamani sana. Mnamo 1897 karakana ya Robert Bosch huko Ujerumani ilifaulu kuitia magneto katika injini ya chombo cha barabarani, na 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akaiboresha ikatoa umeme wenye nguvu ya kurusha cheche katika plagi moja kwa moja. Huko Marekani, Charles Kettering alibuni mfumo wa betri, koili na pointi, ambao ulianza kutumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910 na kutawala injini za petroli kwa muda wa zaidi ya nusu karne. Pointi ni vile vidomo viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana ndani ya distribyuta. Vikutanapo, umeme wa betri hupita katika koili; viachanapo, umeme hukatika ghafla na koili hurusha cheche. Kando yake hukaa kondensa, kidude kidogo mfano wa kidole, kinachozuia cheche isirukie penye vidomo hivyo na kuviunguza.

Vitu hivi viliingia Dar es Salaam vikiwa na majina yake ya Kiingereza, na mafundi wakayafinyanga kwa sauti za Kiswahili: plagi, koili, kondensa, distribyuta, rota. Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilishughulika zaidi na vitabu vya shule na tahajia, na gereji ikabaki nje ya uwanja wake. Hatulitaji hili kwa kulaumu. Kwa hakika twaliona kuwa lilikuwa na heri yake, maana fundi aliachwa atumie neno alilolihitaji na kuliacha lile asilolihitaji. Hivyo alikopa majina ya vitu, lakini vitenzi alivitoa nyumbani. Gari hukohoa, huchemsha, hukataa. Koili hutoa moto, plagi hula moto, injini husikia au haisikii mafuta.

Tukifika 1967, mwaka ambao Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Baraza letu, hali ya maneno ya ufundi ilikuwa hiyo. Tangu mwaka huo masomo ya shule za msingi yaliendeshwa kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, na wizara na mashirika ya umma yakaanza kuandikiana kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1970 Baraza lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu ili watumishi na waandishi wawe na orodha za kutegemea. Orodha hizo zilisaidia sana katika utawala, sheria na elimu. Kwa upande wa ufundi wa magari kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu waliokuwa na maneno hawakuwa wakiandika, na waliokuwa wakiandika hawakuwa na maneno.

Wakati huohuo ndipo uhaba ulipoingia. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda 1973 na ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni zilizokuwapo. Vipuri viliagizwa kupitia mashirika ya umma, na fedha ya kuviagizia haikutosha. Kulikuwa hata na wakati ambapo magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi ya mafuta. Jijini yalikuwapo magari ya kila namna: Peugeot 404 na 504, Land Rover, Volkswagen, Datsun, Toyota, Ford, Fiat, pamoja na Vespa na pikipiki za Kijapani. Kila moja lilikuwa na vipuri vyake vyenye namba zake, na namba hizo hazikuwa na faida yoyote dukani penye rafu tupu. Kilichokuwapo ni magari mabovu yaliyowekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, na fundi mwenye spana.

Hapa ndipo panapostahili kutuliwa, kwa sababu ndipo istilahi ilipozaliwa. Tuchukue vipuri viwili tu.

Kondensa za magari hayo zilitofautiana kwa umbo la kishikizo na urefu wa waya, lakini uwezo wake ulikuwa karibu sawa. Nyingi zilikuwa baina ya sehemu mbili na tatu za kumi za maikrofaradi. Kwa hiyo kondensa ya Datsun haikuweza kufungwa penye tundu la skrubu ndani ya distribyuta ya Peugeot, lakini ikifungwa nje kwa waya, bodi yake ikagusana vyema na chuma cha injini, gari lilikwenda. Fundi alisema: haikai, lakini inakubali.

Koili ilikuwa kinyume chake. Karibu koili zote za wakati ule zilikuwa mkebe wa mviringo wenye ncha mbili ndogo na mdomo mmoja mkubwa katikati, na kishikizo cha bamba kilichoweza kukazwa kwa mkebe wowote. Ya gari lolote ilikaa katika gari lolote. Lakini koili nyingine zilitengenezwa kupokea volti kumi na mbili nzima, na nyingine zilitengenezwa kupokea pungufu ya hapo, baada ya umeme kupunguzwa na kizuio kilichowekwa njiani, ili wakati wa kupiga stata, betri inapolemewa, koili ipewe umeme wote na cheche isififie. Koili ya namna hii ya pili ikitiwa katika gari lisilo na kizuio hupendeza sana mwanzoni. Gari huwaka kwa mguso mmoja. Kisha koili hupata joto, pointi huungua, na baada ya muda si mrefu gari husimama barabarani. Ikiwa ni kinyume, yaani koili ya volti kumi na mbili imetiwa katika gari lenye kizuio, cheche huwa dhaifu na gari hukohoa kila linapopanda mlima. Mambo yalizidi kuwa magumu kwa Land Rover za kale, ambazo hadi katikati ya miaka ya 1960 nguzo chanya ya betri ndiyo iliyoungwa na bodi, ilhali magari ya Kijapani yaliunga nguzo hasi. Aliyeunga koili bila kuangalia jambo hilo alipata cheche, lakini cheche iliyohitaji nguvu zaidi kuruka. Fundi alisema: inakaa, lakini haikubali.

Msomaji aone kwamba vitenzi hivi viwili havitegemeani. Kondensa haikai bali inakubali. Koili inakaa bali haikubali. Kukaa ni habari ya umbo: matundu, nyuzi za skrubu, urefu, upana. Kukubali ni habari ya kazi, na tena ni kazi ya muda, maana koili iliyowasha gari asubuhi haijaitwa iliyokubali mpaka ijulikane imefikaje jioni. Hii ni tofauti ya maana iliyo safi kabisa, iliyopatikana kwa gharama ya pointi nyingi zilizoungua, nayo ilipatikana bila kamati.

Je, ofisini hutumika neno gani? Tumezoea kukuta katika hati za manunuzi na tafsiri za vitabu vya maelezo maneno haya: vipuri vinavyofanana, vinavyolingana, vinavyooana, vinavyoingiliana, vinavyoweza kubadilishana. Kufanana na kulingana huelezea umbo, basi ni kukaa tu. Kuoana ni neno zuri, na tunajua wenzetu wanaolipenda. Taabu yake, kama ilivyo kwa kuingiliana na kubadilishana, imo katika kile kiambishi -an- cha kutendana. Kiambishi hicho husema kwamba jambo ni la pande mbili: ikiwa hiki chaoana na kile, basi kile nacho chaoana na hiki. Katika vipuri vya cheche sivyo. Plagi yenye kizuio ndani yake, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini zinazoongozwa na kompyuta, ikitiwa katika injini ya kale ya pointi kwa kawaida haileti madhara. Plagi ya kale isiyo na kizuio ikitiwa katika injini ya kompyuta, ingawa nyuzi zake ni zilezile, huweza kutoa mvurumo wa umeme unaoivuruga kompyuta hiyo. Ya kwanza inakubali kule, ya pili haikubali huku. Kitenzi cha gereji, ambacho hakina -an-, kinalibeba jambo hili bila shida. Hatukubuniwa neno bora na mtu yeyote aliyekaa mezani, nasi wenyewe tukiwa miongoni mwa wanaokaa mezani.

Baada ya 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na hasa baada ya 1986, vipuri vilianza kurudi madukani, na katika miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yakawa mengi. Mnamo 1987 Rajmund Ohly alitoa kamusi yake ya awali ya ufundi, ya Kiingereza na Kiswahili, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu hicho kingali msaada kwa mfasiri. Lakini pointi zilikuwa tayari zinaondoka duniani. Magari yaliyokuja yalikuwa na cheche ya kielektroniki, na baadaye koili moja juu ya kila plagi, hata distribyuta yenyewe ikatoweka. Mafundi wengi wa pembezoni hawakusikitika sana. Kizazi kimoja cha maneno kilistaafu kimyakimya, kama vile thumni na dala zilivyostaafu mifukoni, ingawa dala imetuachia daladala.

Kubadilishana vipuri kulirudi kwa nguvu mpya pale pikipiki zilipokuwa usafiri wa abiria. Katika miaka ya 2000 ziliingia pikipiki za Kichina za bei nafuu, maarufu zaidi ikiwa SanLG, nyingi zikiwa na injini iliyoigwa kutoka ile ya Honda CG125 iliyoanza kutengenezwa 1976. Kanuni za 2010 zikatambua rasmi biashara ya bodaboda na bajaji. Baadaye Boxer na TVS kutoka India zikaongezeka. Leo kijiwe kimoja cha Mbagala Rangi Tatu au cha Tegeta huwa na pikipiki za viwanda kadhaa, na nyuma ya kijiwe huwa na fundi mwenye kopo la vipuri vilivyotolewa katika pikipiki zilizokufa.

Katika kopo hilo kitu kinachotafutwa kuliko vyote ni sidiai. Hicho ni kisanduku kidogo cheusi, kimejazwa nta ngumu, hakifunguliki wala hakitengenezeki, na kazi yake ni ile iliyofanywa na pointi na kondensa: hujaza umeme katika kapasita, kisha huuachia ghafla kwenye koili ya plagi. Pikipiki ya Kawasaki H1 ya 1969 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa na mfumo huo. Jina lake ni herufi tatu za Kiingereza zilizosomwa kwa mfululizo, na wengi wanaolitamka hawana haja ya kujua herufi hizo zasimamia nini.

Nasi hapa tunapaswa kusema wazi kwamba jina hili, ingawa limeenea, linaficha jambo. Kuna sidiai za namna mbili. Ya kwanza hupata umeme wake kutoka koili maalumu iliyo chini ya magneti, umeme wa kupishana wenye volti nyingi, wala haihitaji betri. Ya pili hupata volti kumi na mbili za betri na kuzikuza yenyewe ndani. Kwa nje huweza kufanana kama mapacha: visanduku vya ukubwa mmoja, vyenye miguu mitano au sita iliyopangwa namna moja, hata soketi ikapokea chochote. Ya betri ikitiwa penye waya za koili, hupigwa na volti nyingi na kuungua. Ya koili ikitiwa penye waya za betri, haitoi cheche kabisa, na mwenye pikipiki ataambiwa anunue koili mpya ya plagi, kisha plagi mpya, kisha magneti, ambavyo vyote vilikuwa vizima. Kwa dereva anayerudisha hesabu kwa tajiri kila jioni, siku tatu za kutafuta moto usiokuwapo si jambo dogo. Kosa lake la kwanza limo katika jina, maana vitu viwili vinavyofanya kazi kwa njia mbili vimepewa neno moja, na neno hilo ndilo alilotumwa nalo dukani.

Kuna na jambo lililofichika zaidi. Cheche haitakiwi kuruka pistoni ifikapo juu kabisa, bali kabla kidogo, na kadiri mwendo uongezekavyo ndivyo inavyotakiwa kutangulia zaidi. Kila sidiai imepangiwa na kiwanda chake ni wakati gani itangulize na kwa kiasi gani. Mbili zilizo za namna moja, zenye waya zilezile, zaweza kutofautiana katika mpango huo, na injini ikaenda vizuri mitaani lakini ikanoki na kupata joto inapokimbizwa katika barabara ya Kilwa. Hapa fundi husema inakubali nusu. Tunalipenda neno hilo, ila hatudhani litapita katika Kamati.

Ufuoni mambo ni yaleyale, ila hatari ni kubwa zaidi. Katika Kunduchi na Msasani kwa upande wa Kinondoni, na Mjimwema kwa upande wa Kigamboni, wavuvi hutumia injini za kupachika nyuma ya mashua, ambazo wao huziita mashine tu. Nyingi huwa na magneto chini ya gurudumu zito lililo juu ya injini: sumaku zimo katika gurudumu, koili zimo katika bamba lililo chini yake, na kisanduku cha sidiai kiko kando. Gurudumu hukaa juu ya ncha ya mhimili iliyochongoka, likashikwa mahali pake na kipande cha chuma cha nusu duara kiitwacho kii. Kii hiyo ndiyo inayoamua sumaku zitapita mbele ya koili wakati gani. Gurudumu la mashine nyingine laweza kukaa barabara juu ya ncha hiyo, na sumaku zake zikawa zimepangwa kwa idadi nyingine au zimeelekea pengine, na cheche ikatoka kabla au baada ya wakati wake.

Chombo cha mwisho katika ukoo huu ni pikipiki ya maji, ambayo huonekana katika fukwe za hoteli, nayo imekuja na jina lake la biashara, jetiski, kama vile bajaji ilivyokuja na lake. Kawasaki ilianza kuiuza 1973 ikiwa ni chombo cha mtu mmoja kuendesha akiwa amesimama. Yamaha ikatoa ya kwake ya kusimamia 1990. Kati ya vyombo hivyo vya kusimamia, kutoa vipuri vya cheche katika injini ya toleo moja na kuvitia katika injini ya toleo jingine kumekuwa desturi ya wapenzi wake duniani, kwa kuwa matoleo ya zamani yaliachwa na viwanda na injini zake hufanana sana. Wenye uzoefu hushikilia jambo moja, nalo ni sawa na la wavuvi: gurudumu, bamba la koili na kisanduku vihamishwe pamoja, kama seti, isipokuwa pale ilipothibitishwa kwamba kimojawapo chaweza kwenda peke yake. Kinachokubali ni ile seti. Kipuri kimoja kimoja hukaa tu.

Hili limetuonyesha upungufu katika namna tunavyotengeneza orodha zetu. Sisi huorodhesha majina kimoja kimoja, kila kitu na visawe vyake, kana kwamba maana ya sidiai imo katika kisanduku. Istilahi za mfumo kama huu zingefaa kuelezwa kwa pamoja, kila jina likitaja linapokea umeme kutoka wapi na kuupeleka wapi. Kwa mantiki hiyo tunapendekeza tuseme sidiai ya betri na sidiai ya magneti, na mfasiri asiandike kamwe sidiai tupu penye maagizo ya kununua au kufunga.

Neno moto nalo linahitaji uangalizi. Gerejini hutumika kwa maana tatu: umeme uliomo katika waya, cheche katika plagi, na joto la injini. Kwa mazungumzo hakuna taabu, maana kidole huonyesha. Katika maandishi taabu ipo, hasa kwenye plagi. Plagi hupangwa kwa daraja ya jinsi zinavyopoza ncha yake, na vitabu vya Kiingereza huziita za moto na za baridi. Mfasiri akiandika "tumia plagi ya moto", msomaji wa Tandika ataelewa plagi inayotoa cheche vizuri, naye ataitafuta. Tena, viwanda havikubaliani kuhusu namba: katika plagi za NGK namba ikiwa kubwa plagi hupoa upesi zaidi, ilhali katika za Champion na Bosch namba ikiwa kubwa hupoa polepole zaidi. Aliyebadili kiwanda akafuata ukubwa wa namba huweza kuitoboa pistoni. Twashauri paandikwe plagi ya kupoa upesi na plagi ya kupoa polepole, na namba itajwe pamoja na jina la kiwanda. Urefu wa nyuzi nao uandikwe kwa milimita, kwa kuwa plagi ya milimita 19 ikitiwa katika kichwa cha injini cha milimita 12.7 hukaa kwa ulaini kabisa mpaka pistoni ipandapo.

Kuhusu mfumo wenyewe, tunapendelea mfumo wa cheche, na kuliacha kuwasha libaki kwa dereva na ufunguo wake. Wapo walimu wanaofundisha mfumo wa uwashaji, na neno hilo limo katika madaftari ya wanafunzi wengi. Hatuoni sababu ya kulifuta kwa amri, bali tungeomba lisitumike katika kitabu kinachoeleza dizeli na petroli kwa pamoja. Kwa wakati ambao cheche hutakiwa kuruka, gereji husema taimingi. Kamati ikitaka neno la Kiswahili, majira ya cheche lingefaa. Mabaharia wa pwani walilitumia majira kwa mwelekeo wa chombo baharini kabla halijabaki kwa mvua na jua, na maana zote mbili, mwelekeo na wakati, zimo katika kazi ya kupanga cheche. Plagi tungeiacha kama ilivyo, ingawa yagongana na plagi ya waya wa pasi. Atakayechanganya hizo mbili hayupo.

Kwa watumishi wanaoandaa hati za manunuzi, tunapendekeza maneno haya yatumike badala ya "vipuri vinavyofanana au vinavyolingana": "kipuri kitakachokaa na kukubali katika injini iliyotajwa, bila kubadili kipuri kingine". Sehemu ya mwisho isiachwe. Bila hiyo, mwuzaji aliyeleta koili inayohitaji kizuio, asilete kizuio, atakuwa ametimiza mkataba.

Limebaki neno moja ambalo hatujalipatia ufumbuzi. Ile koili ndogo inayoitazama sumaku ikipita na kuiambia sidiai kwamba wakati umefika, wengi huiita pikapu, na pikapu tayari ni gari la kubebea mizigo. Tumejaribu koili ya ishara, nalo halijatufurahisha, kwa sababu taa za kuonyesha upande nazo huitwa ishara. Wasomaji wanaofundisha somo hili, Chang'ombe au kwingineko, na mafundi walio na neno linalotumika kijiweni kwao, tunawaomba wamwandikie Mhariri, wataje na mahali walipolisikia.